Sura ya Sita: Bunduki Inapoingia Sokoni

Asubuhi ya tarehe 15 Julai 1871, watu wapatao 1,500 walikuwa wamekusanyika kwenye soko la Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, katika nchi ambayo leo tunaiita teritware ya Kasongo, jimboni Maniema. Wengi wao walikuwa wanawake. Walikuwa wametembea tangu alfajiri, au wamevuka mto kwa mitumbwi, wakiwa na samaki, mihogo, mafuta ya mawese, chumvi, vyungu, mbuzi na kuku. Siku ile vijiji vingi vya ng'ambo vilikuwa vinawaka moto, na bado walikuja. Walikuja kwa sababu soko la Maniema lilikuwa na amani yake. Hata wanaume wa pande mbili wakiwa vitani, ilikuwa nadra sana kwa mwanamke anayekwenda sokoni kuguswa njiani, na akishafika alikaa na kuuza karibu na mke wa adui wa mumewe. Silaha haikuwa na kazi mahali pale, na watu hawakuingia nayo.

David Livingstone alikuwapo. Alikuwa Nyangwe tangu mwisho wa Machi akitafuta mtumbwi wa kushuka nao mto, na katika miezi hiyo ya kungoja alikuwa amelipenda soko. Asubuhi hiyo aliona watu watatu wa msafara wa mfanyabiashara Dugumbe wakitembea kati ya wachuuzi na bunduki mikononi. Alishangaa. Mmoja wa watu wake aliwakemea kwa kuingia sokoni na silaha. Livingstone mwenyewe alitaka kusema neno, kisha akajiambia kwamba pengine ni wageni tu wasiojua desturi. Na kwa kuwa jua lilikuwa kali, akageuka aende zake. Nyuma yake mmoja wa wale watatu alikuwa akibishania bei ya kuku, kuku mwenyewe keshamshika. Livingstone hakuwa amefika hata mita thelathini aliposikia milio miwili ya bunduki katikati ya umati.

Watu walitupa bidhaa zao na kukimbilia kijito ambako mitumbwi ilikuwa imefungwa. Mitumbwi ilikuwa mingi na kijito chembamba. Ilikwama, na kikundi kingine kilichosimama karibu na maji kikaanza kuwamiminia risasi waliokuwa wakisukumana kuitoa. Wengine waliruka mtoni na kuogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali, mkondo ukiwapiga begani, vichwa vikizama kimoja kimoja. Dugumbe mwenyewe alituma watu katika mtumbwi mmoja ulioachwa, wakawaokoa 21. Mwanamke mmoja alikataa kupandishwa. Aliona kwamba mikono iliyonyoshwa kumwokoa ni mikono ileile ya watu wenye bunduki, na kwamba akiingia mtumbwini atafanywa mtumwa. Akaendelea kuogelea.

Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kuwa waliokufa ni kati ya 330 na 400. Livingstone alikuwa na bastola. Ameandika kwamba jambo lililomjia kwanza ni kuwapiga wauaji kwa bastola hiyo, lakini Dugumbe akamsihi asijitie katika kisasi cha damu, naye baadaye akashukuru kwamba alisikia. Alipojiuliza sababu ya mauaji, bei ya kuku haikumtosheleza. Sababu aliyoiona kuwa kubwa zaidi ni hamu ya wageni wale kuwaonyesha wenyeji kwamba sasa wamefika watu wakubwa. Baada ya hapo alikata tamaa ya kuendelea na safari ya mtoni, akarudi Ujiji, na habari aliyoiandika Nyangwe ikafika London. Ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyoisukuma Uingereza kumbana Sultani Barghash wa Zanzibar, na mwezi Juni 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo msomaji anastahili kulijua kuhusu ushahidi huu. Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi, akawa anaandika juu ya kurasa za gazeti la zamani kwa wino wa mimea. Wino ulififia mpaka maandishi yakawa hayasomeki. Mwaka 2011 watafiti waliyasoma upya kwa kuyapiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali, wakaona kwamba yaliyoandikwa wakati ule hayafanani kila mahali na kitabu kilichochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake, hasa kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Kwa hiyo hatuna haki ya kuisoma habari ya Nyangwe kama kisa cha Mzungu mwema na Waarabu wabaya. Ni kisa cha watu wenye bunduki mahali ambapo bunduki ilikatazwa, na cha kila aliyeiona akapita.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu vitabu vya silaha huanza na risasi. Huuliza nani alipiga, kwa nini alipiga, alikuwa na haki au hakuwa nayo. Nyangwe inatulazimisha kuuliza mapema zaidi. Kabla ya mlio wa kwanza kulikuwa na dakika kadhaa ambapo bunduki zilikuwa zimebebwa tu, hadharani, mchana, na kila mwenye macho alikuwa ameziona. Katika dakika hizo soko lilikuwa limekwisha kuvunjwa. Mama aliyekuwa na kuku alikuwa hawezi tena kusema "hapana, bei yangu ni hii". Kubeba silaha mbele ya watu ni tendo kamili lenye athari zake, na mwenye kubeba anawajibika kwa athari hizo hata kama anarudi nyumbani jioni na risasi zake zote.

Yaliyofuata katika nchi yetu ya Kongo nitayapitia haraka, kwani sura zilizotangulia zimeyaeleza. Mkutano wa Brussels ulikataza mwaka 1890 kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini. Kwa watawala wapya katazo hilo halikuwa na uzito wowote. Mwaka 1893 majeshi ya Francis Dhanis yaliteka Nyangwe mwezi Machi na Kasongo mwezi Aprili, na bunduki zikabadilisha mikono kutoka kwa watu wa mfanyabiashara Tippu Tip na mwanawe Sefu kwenda kwa jeshi la kikoloni, Force Publique. Tangu hapo aliyeshika bunduki Maniema alikuwa mtoza kodi, msimamizi wa mpira au askari wa gereza. Baada ya uhuru wakaja waasi wa 1964, kisha vita vya 1996 na 1998, kisha vikundi vya wanamgambo wa Mai-Mai, ambavyo teritware jirani ya Kabambare inavijua kwa majina ya makamanda wao. Mtu aliyezaliwa Kasongo mwaka 1990 amekua akijua kwamba bunduki inaweza kumtokea popote: njiani, mlangoni pa shule, kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki.

Leo wanaobeba ni wengi na si wa aina moja. Kuna askari wa jeshi la taifa, FARDC, na AK yake begani. Kuna polisi wa taifa. Kuna ofisa mwenye bastola kiunoni, ambayo mara nyingi ndiyo alama yake ya cheo kuliko nyota za begani. Kuna wawindaji wenye kalibri 12, na wengine wengi wenye gobore lililofuliwa na fundi wa kijijini kwa bomba la chuma na ubao. Upande wa Salamabila, kwenye dhahabu ya Namoya, kuna walinzi na kuna watu wa vikundi ambao leo ni wanamgambo, kesho ni wachimbaji, keshokutwa wanajiita Wazalendo. Serikali iliunda mwaka 2021 mpango wa kuwapokonya silaha na kuwarudisha uraiani, P-DDRCS, na mwaka 2023 ikapitisha sheria ya jeshi la akiba la ulinzi. Mipango hiyo miwili inavutana, na raia anayekutana na kijana mwenye bunduki njiani hana njia ya kujua yuko chini ya upi.

Sheria ya silaha yenyewe ni ya zamani: amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Msingi wake hauna utata. Silaha za vita ni za vikosi vya taifa. Raia hawezi kumiliki wala kubeba silaha ya moto bila kibali cha mamlaka. Nayo sheria ya uwindaji ya 1982 inamtaka mwindaji awe na ruhusa yake. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kasongo anayevaa bastola juu ya shati ili wadeni wake waione hana desturi ya kumtetea wala sheria ya kumfunika. Sura hii inawahusu wale wanaobeba kihalali, ambao watabeba kesho na keshokutwa tupende tusipende, na ambao wengi wao hawakufundishwa zaidi ya kulenga na kufyatua.

Tuanze na bastola, maana ndiyo ndogo na ndiyo inayodanganya. Ofisa anaketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka la vinywaji. Bastola iko nyuma ya mkanda wa suruali, bila ala, kwa sababu ala imechakaa au hakupewa. Akiinama, inainuka. Akiketi, inamchoma mgongoni. Anaichomoa na kuiweka mezani kati ya chupa na sahani ya sombe. Hapo amekwisha kufanya makosa matatu ambayo kila mwalimu wa silaha duniani angeyakemea. Bastola isiyo na ala inaweza kuanguka, na kifyatulio chake kiko wazi kushikwa na kitu chochote: nguo, funguo, kidole cha mtoto wake mwenyewe. Bastola iliyo mezani haiko tena chini ya mamlaka ya mwenyewe. Iko chini ya mamlaka ya mkono utakaoifikia kwanza. Na mdomo wake sasa unamtazama mtu, mtu huyo anajua, na ataendelea kucheka mazungumzo yake huku tumbo limemkaza.

Ala nzuri hufunika kifyatulio chote, huishika bastola isitoke hata mtu akikimbia, na hukaa mahali ambapo mkono wa mwenyewe unaifikia na wa jirani haufiki. Ikiwa haipo, fundi wa viatu wa Kasongo anaweza kuishona kwa ngozi nene kwa siku moja. Ni kazi ndogo kuliko mazishi. Na ala inaleta faida nyingine ambayo ni ya kijamii kabisa: bastola iliyo ndani ya ala, iliyofungwa kifungo, inawaambia watu kwamba haina mpango na mtu yeyote kwa sasa. Ikishatoka inasema neno lingine. Tarehe 23 Machi 2017 jijini Dar es Salaam mtu mmoja asiye na sare alimchomolea bastola Nape Nnauye, aliyekuwa ametoka kuondolewa uwaziri asubuhi hiyohiyo, mbele ya kamera za waandishi wa habari. Hakuna risasi iliyotoka. Nchi nzima ilizitazama zile sekunde chache, na hakuna aliyesema kwamba halikutokea jambo kwa kuwa hakuna aliyejeruhiwa.

Jambo la pili ni kidole. Kidole cha shahada kinakaa kimenyooka ubavuni mwa silaha, nje ya kikingio cha kifyatulio, mpaka mtu awe ameamua kupiga. Hii ndiyo kanuni ninayotamani kila raia wa Maniema aijue, hata asiyewahi kugusa bunduki, kwa sababu inamwezesha kusoma hali. Ukimwona askari kwenye bariyeri na kidole chake kimelala ubavuni, unasimama mbele ya mtu aliyefundishwa. Kidole kikiwa ndani, ongea polepole, mikono ionekane, usimbishie. Mwili wa binadamu ukishtuka, mkono hujikunja wenyewe, na kidole kilicho ndani ya kikingio hujikunja pamoja nao. Pikipiki ikipiga shimo, mkono hujikunja. Mbwa akibweka gizani, hujikunja.

Tatu, chemba. Watu wengi, hata wenye miaka kazini, huamini kwamba wakitoa magazini silaha imekuwa tupu. Haiwi tupu ikiwa ilikwisha kukokiwa: risasi moja imebaki ndani, inangoja. Bunduki hukaguliwa kwa kutoa magazini kwanza, kisha kuvuta mtambo nyuma na kutazama ndani ya chemba kwa macho, na gizani kuingiza kidole kidogo kupapasa. Wanaofanya kinyume, wakivuta mtambo kabla ya kutoa magazini, wanaingiza risasi nyingine na kuhesabu kwamba wameitoa. Ndiyo maana ukaguzi haufanyiki kamwe ndani ya nyumba, wala mdomo wa bunduki kuelekea ukuta. Ukuta wa miti na udongo hauzuii risasi ya AK, na upande wa pili wa ukuta wa Kasongo kwa kawaida kuna mkeka na watoto wamelala.

AK ina ulimi wa chuma ubavuni upande wa kulia. Ukiwa juu kabisa umefunga. Katikati ni mfululizo. Chini ni moja moja. Raia anaweza kuuona ulimi huo kutoka hatua kadhaa. Askari anayejiheshimu anautembeza ukiwa juu, na bunduki inaning'inia kwa mkanda, mdomo ukitazama ardhi. Nasema ardhi, kwa sababu mjini mdomo unaotazama juu una hatari yake: risasi iliyopigwa hewani hurudi chini na hakuna anayejua itarudi kwa nani. Wanaopiga hewani usiku wa mwaka mpya, au timu ya taifa, Leopards, ikishinda, wanamlenga mtu wasiyemwona. Kwenye pikipiki bunduki ikae mbele kifuani kwa mkanda mfupi, mdomo chini, na dereva akalishwe mbali nao. Nimewaona wanaoilaza mapajani, mdomo ukiwapitia wote wanaosimama kando ya njia kutoka mtaa mmoja hadi mwingine.

Gobore nalo lina kanuni yake, na wazee wawindaji wanaijua kuliko mimi. Halina kifaa chochote cha kulizuia lisilie. Usalama wake wote ni kile kifataki kidogo kinachowekwa mwishoni. Mwindaji mwenye adabu hukiweka kifataki mfukoni mpaka afike msituni, na hukiondoa kabla ya kurudi njia ya watu. Anayepita katikati ya kijiji na gobore lililojazwa baruti na kifataki juu yake amewaweka wote kwenye kamari yake.

Pombe nitaisema kwa ufupi kwa kuwa haina upande wa pili. Anayetaka kunywa pombe kali ya lutuku hana budi kumkabidhi mwenzake silaha kabla ya glasi ya kwanza. Kamanda anayejua kwamba askari wake hulipwa kwa kuchelewa, hulala vibaya, na hunywa jioni, na bado huwaacha waende na silaha kwenye nyumba za pombe, amekwisha kuchagua.

Hayo ni ya usalama. Heshima ni jambo lililo karibu nayo lakini pana zaidi, kwa sababu mtu anaweza kuwa na kidole mahali pake, ala nzuri, chemba tupu, na bado akawatesa watu kwa namna anavyosimama.

Tazama ununuzi. Askari amefika mbele ya mama anayeuza unga wa mihogo. "Mama, hii ni ngapi?" Mama anataja bei. Askari anataja nusu yake, kama mteja yeyote angefanya. Lakini mteja yeyote hana bunduki begani. Mama anatazama mkanda, anatazama uso, na anasema, "Chukua tu, afande." Askari anaondoka akiamini amepatana naye bei, huenda hata anamsifu kwa wenzake kuwa ni mama mwema. Hakumtisha, hakupaza sauti, na amemwibia. Asiyetaka kuiba ana njia mbili: kumwachia mwenzake bunduki nje ya soko na kuingia mikono mitupu, au akilazimika kuingia nayo, kulipa bei ya kwanza iliyotajwa. Kupatana ni haki ya watu wawili wanaoweza kukataa.

Salamu nayo ina kazi. Mwenye silaha ndiye anayepaswa kutangulia kuamkia, hata kama ana cheo na hata kama ni mkubwa kwa umri, kwa sababu ndiye aliyeleta shaka mahali pale. "Jambo mama, jambo baba, tunapita tu" ni maneno machache, na yanawapa watu kitu wanachokihitaji kuliko vyote: sababu ya kuwapo kwake. Bunduki isiyo na sababu inayojulikana ndiyo inayowafanya akina mama wafunge mizigo saa nne asubuhi. Vilevile asimame kando ya njia wala si katikati, asizibe mlango, asikae nyuma ya watu wanaoswali au wanaokula, na watoto wakimzunguka kutaka kugusa chuma awaondoe kwa upole na kwa uthabiti. Askari watoto wengi wa vita vya 1996, wale walioitwa kadogo, waliingia jeshini kupitia mlango huo wa kushangaa chuma.

Kuna mahali ambapo hata adabu yote hii haitoshi, na silaha ibaki nje. Msikitini na kanisani hakuna anayelipinga jambo hili kwa mdomo, ingawa vitendo ni kitu kingine. Hospitalini watu wa afya wamelisema waziwazi: kwenye malango ya vituo vinavyosaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka, na kwenye magari yao, kuna picha ya bunduki iliyopigwa mstari mwekundu. Hailazimu mtu kujua kusoma. Mgonjwa mwenye jeraha la risasi hupokelewa bila kuulizwa ni wa upande gani, na sharti pekee ni kwamba chuma kisivuke mlango. Inafanya kazi mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mpiganaji naye ana mke anayejifungua na anahitaji daktari asikimbie. Shule ni mahali pa nne. Soko, kwa maoni yangu, ni pa tano, na Maniema ina haki ya kulidai hilo bila kujifunza kwa mtu mwingine.

Wanaodhani kwamba madai haya ni ya watu wa nchi zisizo na silaha watazame Marekani, ambako raia wengi wanazo. Jimbo la Texas liliruhusu kuanzia tarehe 1 Januari 2016 kwamba mwenye leseni abebe bastola ikionekana, mradi iwe ndani ya ala kiunoni au begani, na mwaka 2021 likaondoa hata sharti la leseni kwa watu wazima wengi. Hata hivyo sheria ileile inampa mwenye duka haki ya kubandika mlangoni tangazo, maarufu kwa namba yake 30.07, linalokataza bastola inayoonekana isiingie. Imeelezwa hadi ukubwa wa herufi na kwamba liwe kwa Kiingereza na Kihispania, ili asiwepo wa kusema hakuona. Mwezi Septemba 2013 mkuu wa kampuni ya kahawa ya Starbucks, Howard Schultz, alikuwa amewaomba wateja hadharani wasije na bunduki katika maduka yake, hata pale sheria inapowaruhusu. Kwa hiyo hata mahali ambapo kubeba ni haki, watu wamelazimika kutafuta mlango ambapo haki hiyo inaishia, na mwenye mahali ndiye anayeuchora.

Nani anauchora Kasongo? Serikali iko mbali, na msimamizi wa teritware, AT, ana askari wachache. Lakini kila soko lina kamati yake na wakubwa wake, na akina mama wanaouza wanajua kwa jina nani anaingia na nini. Ninachopendekeza hakihitaji fedha kutoka Kinshasa. Kamati iende kwa kamanda pamoja na chifu wa eneo, imamu na padri, iende ikiwa na akina mama watatu au wanne watakaosema wenyewe, na iombe mambo matano yanayoeleweka. Askari wanaonunua waingie bila silaha, mwenzao mmoja akilinda bunduki zote mahali pamoja nje, kwa zamu, akiwa hajanywa. Bunduki isiegemezwe mtini wala kuachwa kwa muuza duka. Askari wa zamu ya ulinzi wajulikane, wasizidi idadi iliyokubaliwa, wasimame pembeni, na wasinunue wala kutoza kitu wakiwa kazini. Bastola ya ofisa ibaki ndani ya ala yenye kifungo muda wote awapo kati ya watu. Na kuwe na mtu mmoja kambini, mwenye jina na cheo, ambaye mama anaweza kumwendea mambo hayo yakivunjwa, bila kupitia kwa aliyeyavunja.

Kamanda mwenye akili atakubali, kwani soko linalokimbiwa linawaacha njaa askari wake kwanza. Atakayekataa naye amejulisha jambo muhimu, na kamati ilipeleke kwa AT na kwa mwendesha mashtaka wa kijeshi kwa maandishi, nakala ibaki. Ugumu mkubwa utakuja baadaye. Vikosi huhamishwa; kamanda aliyekubali anaondoka na kitabu chake, na wanaofika hawajui kitu. Kwa hiyo makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili, yabandikwe kwenye nguzo ya soko na mlangoni pa kambi, pamoja na picha kwa wasiosoma, na kamati iwe na desturi ya kumtembelea kila kamanda mpya katika wiki ya kwanza ya kufika kwake, kabla ya siku kubwa ya soko.